Mjumbe na Nyumba Iliyoingia Ziwani

Nilipohitaji barua ya mjumbe kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na nimekwisha kuamua kupanda meli kwenda Mpulungu, upande wa Zambia. Nilimkuta bibi huyo barazani kwake, Ujiji, amekaa kwenye kibao cha chini, anamimina mawese kutoka kwenye dumu. Hakuniuliza naenda kufanya nini huko. Aliuliza, "Nani kakutuma?"

"Ofisi ya mtaa, Mjumbe. Wanasema bila barua yako hawagongi muhuri."

"Kwanza keti."

Nikaketi. Alijaza chupa tatu, akazifunga, akapangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa na rangi ya mawese kuliko mawese yenyewe, akaingia ndani kuchukua kalamu. Aliandika mistari mitatu. Karani wa mtaa aliisoma kwa sauti, akacheka mpaka akavua miwani. Barua ilisema: Huyu namfahamu tangu azaliwe, nyumba ya tatu. Hajawahi kuiba. Hakai mahali pamoja.

Nilirudi kwake nimevimba. Nikamwambia ule mstari wa mwisho utaniharibia safari.

"Ni uongo?"

"Si uongo, Mjumbe, ila..."

"Basi uache ukae."

Muhuri ulipigwa, nikasafiri, na kusema kweli sijatulia mpaka leo. Nimebeba mizigo Mpulungu na Kalemie, nimeuza vitenge Kasanga, nimekaa Kagunga misimu miwili nikinunua dagaa. Kila niliporudi nyumbani alifungua ukurasa wetu kwenye daftari lake. "Safari hii umetoka wapi?" Nikimjibu, anaandika. "Unaondoka lini?" Nikisema sijui, anasema, "Nitaacha nafasi," na kweli anaacha mstari mmoja mtupu.

Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Ni kazi isiyo na mshahara wala kiti, na wengi huifanya kwa kusukumwa. Yeye aliishika kana kwamba amekabidhiwa mji mzima. Daftari lake lilikuwa la shule, lile la kurasa nyingi, na kila nyumba ilikuwa na sehemu yake: nani anaishi, nani kazaliwa, nani kaolewa kwenda wapi, nani mpangaji na ametokea wapi. Kurasa zilikuwa na alama za dole gumba rangi ya chungwa, kwa sababu hakusubiri mikono ikauke. Sehemu nyingine za nchi daftari kama hilo lingekuwa mchezo wa bibi. Kwetu si mchezo. Mpaka uko karibu, majina ni yale yale ng'ambo na huku, lugha zinakaribiana, na ofisi ya vitambulisho ikimtilia mtu shaka, swali la kwanza ni nani mjumbe wako. Nimeona watu wazima wakisimama mbele ya kibao chake kama wanafunzi waliochelewa.

Mzee wa nyumba ya saba aliwahi kumletea mpwa wake aliyetoka ng'ambo wakati wa vurugu, akaomba aandikwe kuwa amezaliwa pale. Mzee alibembeleza wiki nzima. Alileta samaki, migebuka miwili mikubwa, ikarudishwa ikiwa bado mibichi. "Kula atakula," Mjumbe alisema. "Kuandikwa hataandikwa." Na yule mpwa alikula kwake mchana kwa miezi miwili, wali, ugali, chochote kilichokuwepo, mpaka alipopata karatasi zake kwa njia yake halali. Daftarini aliandikwa siku aliyofika na mahali alikotoka, basi.

Hakupenda kuitwa kutoka barabarani. Mtu akipaza sauti kutoka njiani, "Mjumbe, upo?", alinyamaza mpaka yule mtu aje hadi mlangoni apige hodi. "Mimi si meli," alisema, "ya kupungiwa mkono kutoka gatini." Msibani hakulia mbele za watu, alipanga vyungu, akahesabu sufuria za kuazima ili kila moja irudi kwao. Wanawake walimwogopa kidogo na wakamtafuta sana. Wanaume walimcheka wakiwa mbali. Nilimsikia kinyozi mmoja akisema kwamba Mjumbe akifika kwa Mola ataomba kwanza aone daftari la malaika kama limepangwa nyumba kwa nyumba. Habari hiyo ilimfikia, kama zote. Siku ya pili alipita kwenye kibanda cha kinyozi, akasimama mlangoni, akasema, "Wewe utakuwa ukurasa wa mwisho," akaendelea na safari yake ya sokoni.

Alikuwa na desturi ya kumsindikiza mgeni. Watu wote wa Ujiji husindikiza wageni, lakini kwake ilikuwa sehemu ya kazi. Barazani alisema mambo ya barazani: salamu, habari za afya, bei ya mawese, majibu mafupi ambayo kila aliyepita angeweza kuyasikia bila madhara. Kisha mgeni akiaga, yeye huinuka, hujifunga khanga ya pili, hutoka naye mpaka kwenye kona ya msikiti, na huko ndiko alikosema alichotaka kusema. Mama yangu alielezwa ugonjwa wa baba yangu kwenye ile kona. Mimi niliambiwa pale pale kwamba msichana niliyemtaka ameshaposwa Kibirizi, nisijiaibishe. Watu walilizoea hilo kiasi kwamba mgeni asiyesindikizwa na Mjumbe alijua hana neno lake, na aliyesindikizwa alianza kutembea polepole.

Ndiyo maana ninashindwa kumlaumu kwa yaliyotokea baadaye, ingawa yeye mwenyewe alijilaumu mpaka akakonda.

Nyumba ya kumi ilikuwa ya Mama Yasini, ya mwisho kabisa kabla ya ufuko. Mama Yasini ni Muha wa Simbo aliyeolewa Ujiji, akafiwa na mume mapema, akaanika na kuuza dagaa Katonga miaka mingi mpaka akasimamisha nyumba ya vyumba vitatu, ya matofali ya kuchoma. Yasini ni mwanawe wa pekee, mdogo kwangu kwa miaka kama mitano. Namkumbuka mtu mpole, mwepesi wa kucheka. Siku moja pale Katonga aligombana na mwenzake juu ya wavu uliokatwa, akanyanyua kasia, akampiga mara moja. Yule mtu, wa Kagunga, alifariki hospitalini siku ya pili. Mahakama ikasema Yasini ameua bila kukusudia, ikampa miaka kumi na mitano.

Alipokuwa katika mwaka wa nne wa kifungo, ziwa likapanda. Wanaoishi mwambao wanaikumbuka miaka ile. Maji hayakuja kwa kishindo, yalikuja kama mtu anayesogeza kiti. Wiki hii yamefika kwenye choo, mwezi ujao yako jikoni. Majirani walitoa mabati na mlango wa Mama Yasini kabla kuta hazijalala. Siku ukuta wa mbele ulipoanguka, Mjumbe alifungua daftari, ukurasa wa kumi, akaandika: Nyumba imeingia ziwani. Chini yake palitakiwa kuandikwa mwenye nyumba amehamia wapi. Hapo hakuandika kitu. Niliuona ukurasa huo mwenyewe, na nilishangaa, maana ndiyo nafasi pekee tupu niliyowahi kuiona isiyokuwa yangu.

Mama Yasini alikuwa amehamia kwake. Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya madumu ya mawese, kilitolewa madumu kikawekwa kitanda, na ule mlango uliookolewa ukafungwa pale. Lakini neno kuhama halikutamkwa. Mama Yasini alikuja kumtembelea Mjumbe, na matembezi yakaendelea. Mtu wa mtaa mwingine akiuliza, Mjumbe alijibu, "Mama Yasini amesafiri kidogo, yuko kwao Simbo," na huku mwenyewe Mama Yasini anasikika akikohoa nyuma ya ukuta. Nyumba zote tisa zilizobaki zilijua, na hakuna aliyesema. Mimi nikileta dagaa kutoka Kagunga, nilisema ni mzigo wa Mjumbe, na nilihakikisha ni mwingi wa kutosha watu wawili.

Niliwahi kumwuliza, kwa utani, imekuwaje yeye aliyekataa kumpa mpwa wa watu mstari mmoja wa uongo, leo anadanganya mara tatu kwa siku.

Hakucheka. "Mwanangu, mwanamke yule kajenga nyumba kwa dagaa. Unajua dagaa wangapi wanatoa tofali moja? Leo nimtangaze barabarani kwamba analala kwenye stoo yangu?"

Na Yasini naye hakuambiwa. Mama yake aliapa kwamba habari ile itamuua mle ndani. Kila mwezi, siku ya kuonana na wafungwa, alivaa nguo zake nzuri akaenda gerezani, na Mjumbe hakumwuliza huko wanazungumza nini.

Haya yanayofuata Mjumbe alinisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja, na kila mara kwa maneno yale yale. Mimi nilikuwa Kalemie.

Yasini alikuwa amefikia muda wa kufikiriwa parole, yaani atoke amalizie kifungo akiwa nyumbani chini ya uangalizi. Tabia yake gerezani ilikuwa njema. Ndugu wa marehemu walikuwa wameulizwa kule Kagunga, nao wakasema hawana kinyongo. Lilibaki jambo moja, kuthibitisha kwamba ana makazi na ana ndugu wa kumpokea. Afisa mmoja akaja Ujiji na fomu, asubuhi, saa ambayo baraza la Mjumbe limejaa. Walikuwepo wanawake wawili wa mtaa wa juu wenye midomo, mnunuzi wa mawese kutoka Kasulu, na jirani wa nyumba ya pili. Mama Yasini alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anachambua mchele.

Afisa aliuliza kwa heshima. Nyumba ya Yasini ni ipi?

"Haipo. Imeingia ziwani."

Na mama yake anaishi wapi sasa?

Mjumbe alisema aliisikia sinia ya mchele ikinyamaza kule ndani. Akajibu lile jibu la kila siku. "Amesafiri. Yuko kwao Simbo."

"Atarudi lini?"

"Sina habari, baba."

Afisa akaandika, akampa fomu atie sahihi, akatia. Hakuwa na wasiwasi. Alijua kabisa suala ni la Yasini na ni zito. Akamwambia, "Ngoja nikusindikize," akaingia ndani kujifunga khanga. Huko njiani angemwambia: yule mama yuko kwangu, chumba kipo, mtoto aje hata kesho. Alipotoka alikuta vumbi la pikipiki. Afisa alikuwa na sehemu nyingine za kwenda, na hakuwa mtu wa kwetu.

"Nilisimama kwenye kona," aliniambia, "nimejifunga khanga, sina mgeni."

Hata hapo hakushtuka sana. Katika miaka yake yote, karatasi za serikali zilikuwa zikirudi: sahihi haionekani, tarehe imekosewa, muhuri umesahauliwa. Akasubiri irudi. Siku ya tisa akapanda gari kwenda mjini kumtafuta yule afisa, akaambiwa faili limeshaondoka. Aliuliza limekwenda wapi. Wakamwambia juu.

Bodi ilikataa. Sababu zilizoandikwa zilikuwa mbili: mfungwa hana makazi, na hana ndugu aliyepo wa kumpokea.

Yasini alisomewa barua ile akaona ni kichekesho kibaya. Nyumba ipo, na mama yake alikuja kumwona wiki mbili tu zilizopita. Akamwandikia wakili mmoja wa msaada wa kisheria, dada mdogo aliyekuwa akizunguka magerezani. Wakili akaona kuna jambo. Yasini hakuonyeshwa ile taarifa ya afisa kabla ya uamuzi wala kupewa nafasi ya kuijibu. Akamweleza kwamba Mahakama Kuu inaweza kuombwa mapitio, ione kama uamuzi ulifikiwa kwa njia ya haki, na kama haukufikiwa hivyo iufute na bodi ianze upya. Yasini akaapa hati ya kiapo. Humo alisema nyumba ipo Ujiji na mama yake anaishi ndani yake, na aliapa kwa moyo safi kabisa.

Wakili akaja kwa Mjumbe kutafuta kiapo cha kuunga mkono. Alikaa barazani, akasema alichojia. Mjumbe alimsikiliza, akamwomba wainuke, na kwenye kona ya msikiti akamwambia yote. Nasikia yule dada aliketi kwenye ngazi ya msikiti na faili mapajani; kiapo cha Yasini kilikuwa kimeshaingia mahakamani.

Mimi nilirudi wakati huo. Nilikwenda na Mjumbe ofisini kwa wakili siku ya kuapa. Kilikuwa kiapo cha kurasa mbili. Kilieleza kwamba nyumba ilichukuliwa na maji, kwamba mama wa mwombaji anaishi kwa huruma ya muapaji katika chumba cha nyuma kwa kukosa makazi, kwamba maelezo aliyompa afisa kuhusu safari hayakuwa ya kweli. Alisomewa taratibu. Wakili alipofikia maneno "kwa huruma ya muapaji" Mjumbe aliinua mkono.

"Hilo huruma litoe. Si huruma. Ni mgeni wangu."

"Bibi, mahakama inataka kujua ana haki gani ya kukaa pale."

"Ana haki ya mgeni."

Wakili akaandika upya. Lakini kuna kitu alikitoa na hakukirudisha, nacho ni kisa cha kusindikiza. Alisema hakina uzito kisheria. Mjumbe aliuliza mara mbili kama kweli hakitaingia. Kisha akatia sahihi, na dole gumba lake likaacha alama ya mawese pembeni mwa karatasi, ikabidi ukurasa uchapwe tena.

Mama Yasini hakuambiwa lolote kuhusu kiapo. Aliambiwa kuna kesi ya Yasini inaendelea vizuri.

Kibali cha kufungua maombi kilitolewa, na siku ya kusikilizwa tulikaa benchi la nyuma. Mjumbe alivaa buibui lake la Idi. Alidhani ataitwa. Alikuwa amejiandaa wiki nzima. Njiani nilimsikia akiyapanga maneno yake kwa mnong'ono. Lakini mapitio hayaiti mashahidi. Wakili alizungumza, wakili wa Serikali akazungumza, wakasoma vifungu, wakataja karatasi kwa herufi, na jina la Mjumbe likapita mara tatu kama jina la mtu aliyekwisha kufa. Wakili wa Serikali hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba bodi iliamua kwa kile ilichokuwa nacho mezani, nacho kilitoka kwa kiongozi wa eneo mwenye daftari la wakazi, na kwamba kiapo kipya kimeleta mambo ambayo bodi haikuwahi kuyaona.

Mjumbe akasimama.

"Mheshimiwa Jaji, mimi ndiye niliyetia sahihi ile fomu."

Karani akamwashiria aketi. Jaji akavua miwani. "Bibi, maneno yako yamo kwenye kiapo. Nimeyasoma yote."

"Yaliyomo ni nusu."

"Mahakama inakwenda na yaliyomo, bibi. Keti."

Akaketi. Mkono wake ulishika benchi la mbele mpaka tulipoambiwa tuinuke.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki kadhaa. Jaji alieleza kwa upole kwamba kazi yake haikuwa kupima kama Yasini anastahili kutoka, bali kama njia iliyopitiwa ilikuwa sawa. Akakubali kwamba ni vema mfungwa apewe nafasi ya kujibu taarifa inayomhusu. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Mwombaji mwenyewe ameapa kwamba nyumba ipo na mama yake anaishi ndani yake. Kwa hiyo hata angepewa nafasi ya kujibu, jibu lake lingekuwa hilo, na jibu hilo si kweli. Afisa aliuliza swali sahihi kwa mtu sahihi. Maombi yakatupwa. Mwombaji anaweza kuomba parole upya muda ukifika, kwa taarifa zilizo kamili.

Tulitoka nje. Wakili alikuwa na macho mekundu. Mjumbe alimpapasa begani, akamwambia, "Umefanya kazi yako, mwanangu." Tukarudi Ujiji.

"Umesikia?" alisema. "Mtu sahihi."

Wiki ile alipeleka daftari kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema watafute mwingine. Walimbembeleza. Walimwambia hakuna aliyemshitaki. Alijibu kwamba anajua. Mjumbe mpya alipatikana, kijana mwenye simu nzuri, anayeandika majina ya wapangaji humo na kuyapoteza kila anapobadilisha simu. Watu waliendelea kumwita yule bibi Mjumbe, naye aliendelea kuwasahihisha, "Si mjumbe tena," kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wake. Watu wakija kwake aliuza mawese, akawaacha waende bila kuinuka.

Mara ya mwisho nilipokuwa Kigoma alinitumia mtu niende kwake mapema. Nilimkuta amevaa. Mama Yasini alikuwa na homa, asingeweza kwenda gerezani mwezi ule.

"Twende wote," Mjumbe aliniambia. "Nina neno na Yasini, na nikianguka njiani uwepo."

Palikuwa na wavu kati yetu na yeye, na askari ameketi pembeni kwenye stuli. Yasini alikuwa amenenepa kidogo usoni, nywele zimeanza mvi juu ya masikio. Alitabasamu alipotuona.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba. Si mjumbe tena."

"Huku barua hiyo haijafika." Akaniamkia na mimi, akauliza mama yuko wapi, tukamwambia ni homa tu, amekunywa dawa.

Mjumbe hakuzunguka. "Yasini, mimi ndiye niliyesema mama yako amesafiri. Wewe uko hapa mpaka leo kwa sababu ya mdomo wangu."

"Najua," alisema. "Wakili alinisomea."

"Nilitaka unisikie mwenyewe."

"Nimekusikia, mama." Akakwangua kitu kwenye wavu kwa ukucha. "Nilimbishia, unajua? Nilimwambia dada, wewe umepotea, nyumba ipo. Mwezi huu tu mama kaniambia amepaka chokaa ukuta wa mbele. Nikamwambia hadi mpapai wa uani unazaa. Akaacha kusoma, akawa anapanga karatasi zake, anapanga tu." Akacheka bila sauti. "Ilianguka lini?"

"Mwaka wako wa nne."

"Mlango mliutoa?"

"Tuliutoa. Ndio mlango wa chumba chake."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akihofia hilo zaidi ya mengine.

Mjumbe akasogea karibu na wavu. Alimweleza alichokuja kueleza. Wakili amesema aombe upya. Safari hii itaandikwa nyumba yake, nyumba ya nne, chumba cha nyuma. Yeye mwenyewe atasimama mbele ya afisa na kusema kila kitu, hata kama baraza limejaa Ujiji nzima. Ila mama yake naye ataitwa. Ni yeye ndugu wa kumpokea, kwa hiyo lazima aseme kwa kinywa chake kwamba hana nyumba na anakaa kwa mtu, kisha aweke kidole.

"Na mimi nitapewa nisome?"

"Utapewa. Ndiyo haki yako waliyokunyima."

"Na yeye atajua nimesoma."

"Atajua."

"Basi siombi," Yasini alisema.

"Yasini, bado miaka mitatu."

"Na miezi. Nimehesabu."

"Mama yako ni mzee. Miaka mitatu si yako peke yako."

"Najua, mama." Sauti yake ilishuka, ikabidi tuinamie. "Lakini akija hapa ananitembeza. Tunaanzia mlangoni. Ananiambia kiti gani kimevunjika, sahani gani imepotea, nani kapita kusalimia. Nusu saa nzima yuko kwake. Hana mahali pengine alipobakiwa na nyumba ile isipokuwa hapa. Mimi nimwondoe na hapa?"

Askari aliangalia saa, akainuka. Mjumbe alikuwa ameshika wavu kwa vidole vya mikono yote miwili. Nilitegemea atabisha. Nilitegemea atasema kwamba maneno kama hayo ndiyo yaliyotuleta hapa tulipo, na angekuwa na haki. 

"Ataniuliza umesemaje," alisema mwishowe. "Nimwambie nini?"

Yasini alifikiri. "Mwambie nimeuliza mpapai."

Tulirudi kwa miguu kutoka kituo cha gari, Mjumbe mbele, mimi nyuma yake. Mama Yasini alikuwa amejikokota mpaka barazani, amejifunika shuka, macho yamewiva kwa homa. Jirani wa nyumba ya pili alikuwa naye. Mama Yasini alitusalimu kwa Kiha, mwakeye, salamu ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa limekwisha kupita utosini, kisha akauliza kabla hatujaketi.

"Hajambo?"

"Hajambo. Kanenepa."

"Kasemaje?"

Mjumbe alivua kandambili, akazipanga ukutani moja kando ya nyingine.

"Ameuliza mpapai."

Mama Yasini aliinamisha kichwa kwa muda, kama mtu aliyetoka kwenda uani kuangalia. Jirani alitazama upande wa pili.

"Mpapai una mapapai manne," alisema Mama Yasini. "Moja limeanza kuiva, lile la upande wa ziwani. Mwezi ujao nikishindwa kwenda mwambie hivyo."

"Manne," alisema Mjumbe. "Nitamwambia."